Pikapu ya kazi au Mustang ya moyo? Nimekwama kwenye mlango wa dereva

Mtanga wa Fort Worth

Wakuu habari za humu. Wakubwa shikamooni.

Nipo Fort Worth, Texas, mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni kukodisha maturubai, viti na meza kwa shughuli zetu: harusi, maulidi, kipaimara, arobaini, na ndugu zetu Wakongo ambao wakifanya sherehe wanataka viti 300 na spika za kutikisa mtaa. Gari langu la boksi limekata roho mwezi uliopita, giaboksi, katikati ya barabara kuu, mama wa bibi harusi ananipigia simu kila dakika tatu. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Nina tela la boksi la futi 16, ekseli mbili. Nahitaji pikapu mpya ya kulivuta, na nataka mnisaidie kabla sijaweka sahihi.

Nimeshaingia yadi tatu. Ya kwanza walinipa Ford F-150 ya haibridi (petroli na umeme pamoja), toleo la Lariat, milango minne, 4x4. Injini ya silinda sita lita 3.5 yenye tabo mbili (zile feni za kusukumia hewa kwenye injini), na mota ya umeme imekaa katikati ya injini na giaboksi. Farasi 430, nguvu ya kukokota pauni-futi 570. Kilichonishika si hivyo. Nyuma kwenye bodi kuna soketi: nne za kawaida na moja ya volti 240, jumla kilowati 7.2. Gari lenyewe ni jenereta. Mimi kila Jumamosi nakodi jenereta ya watu, nalipa, naibeba, inanguruma hadi shehe anasimamisha dua.

Halafu nina sababu yangu. Februari 2021 barafu ilipoifunga Texas na umeme ukakatika, sisi tulilala watu watano chumba kimoja na makoti. Jirani wa mbele alikuwa na pikapu kama hii, mpya mpya. Akatoa waya dirishani, akawasha hita na friji, na jioni akatuchemshia maji ya chai ya watoto. Tangu siku hiyo sijaisahau.

Yadi ya pili, F-150 ileile ila V8, silinda nane, ya lita 5.0, haina tabo, farasi 400, pauni-futi 410. Yadi ya tatu, Ram 1500 yenye ile injini ya Hurricane, silinda sita za mstari mmoja, lita 3.0, tabo mbili. Ya kawaida farasi 420, ya juu 540. Mia tano na arobaini! Kwenye gari la kubebea viti vya plastiki.

Sasa hapa ndipo mnicheke. Nilipofika nchi hii kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha magari kwenye yadi moja. Kulikuwa na Mustang GT, lile gari la kasi la Ford, nyeusi, gia za mkono. Kila jioni mimi ndiye niliyekuwa naitoa kwenye mabomba ya maji hadi sehemu yake ya kulala. Mita 30. Gia ya kwanza tu, halafu breki. Miezi minne mfululizo. Sijawahi kuingiza gia ya pili kwenye lile gari.

Juzi pale yadi ya kwanza, nikiwa nasubiri karatasi za mkopo, pembeni kuna GT mpya. Farasi 480, injini ya ukoo mmoja na ile ya lita 5.0 ya kwenye pikapu, moyo mmoja vifua viwili. Nikafikiria: ninunue pikapu kuukuu ya kazi na Mustang mpya ya roho yangu? Mama watoto nimemgusia. Akanyamaza, akaenda kukoroga uji.

Maswali: ipi kati ya hizo tatu kwa tela? Haibridi inaaminika? Na je, nikija kurudi nyumbani, pikapu hii naweza kuipeleka Tanga?

---

Tela Refu

Marahaba mdogo wangu. Mimi nipo Columbus, Ohio, naendesha lori kubwa mwaka wa 14, na kabla ya hapo nilivuta magari ya mnada kwa pikapu. Umeandika farasi mara nne na hujaandika jambo moja la maana: tela lako likijaa linapima kiasi gani?

Hujui. Najua hujui, wote hatukujua.

Achana na farasi kwanza. Pikapu zote tatu zitalivuta hilo tela mpaka uchoke. Ile namba wanayotangaza, F-150 inavuta pauni 13,500, ni ya F-150 moja iliyofungwa vifaa fulani, tabo 3.5 isiyo haibridi, na pale yadi pengine hata haipo. Kinachoua pikapu za daraja la nusu tani kama hizi si kuvuta, ni kubeba. Farasi wanavuta, lakini anayebeba ni springi, ekseli na matairi.

Rudi yadi. Fungua mlango wa dereva, tazama ubavuni kwenye nguzo. Kuna stika nyeupe na njano. Imeandikwa uzito wa watu na mizigo usizidi pauni kadhaa. Namba hiyo ni ya gari lile lile lililo mbele yako, si ya kwenye karatasi ya matangazo. Kila anasa inaipunguza: paa la kioo, viti vya umeme, rimu kubwa, 4x4. Haibridi inabeba betri na mota, kwa hiyo imeshakula sehemu yake kabla wewe hujapanda. Ndiyo maana gari la bei ya juu mara nyingi linabeba kidogo kuliko lile la mkulima.

Sasa hesabu. Tela lililopakiwa vizuri huegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye pua, pale linapokaa juu ya pikapu. Uzito huo wa pua ni mzigo wako, unaingia kwenye stika. Wewe unaingia. Vijana wako wanaingia. Sanduku la vifaa linaingia. Ukipunguza pua kwa kurundika mizigo nyuma ya tela, litaanza kutikisa mkia kwenye maili 60 kwa saa, na ukishauona huo mkia kwenye kioo ndiyo utajua dua zote ulizofundishwa madrasa.

Nenda kapime. Kituo chochote kikubwa cha malori kina mizani. Pakia kama Jumamosi yenyewe, usidanganye.

Kuhusu Ram: nyuma ina springi za koili, mwenzake F-150 ana vile vyuma bapa vilivyopangwa. Ram inalala barabarani kama godoro, wengine wote wanaifuata kwa utulivu. Lakini ukiipakia utaiona inavyokaa chini. Kwa familia nzuri. Kwa viti 300 isome stika yake vizuri kabla hujaipenda.

---

Mtanga wa Fort Worth

Kaka Tela Refu, umenitia aibu njema. Nimepima leo.

Nilikuwa nawaambia watu tela langu lina pauni 5,000. Rafiki yangu amenivutia kwa gari lake, tumepakia kama kawaida: maturubai mawili na vyuma vyake, viti 300, meza 30, friji la barafu. Mizani imesema 7,340. Tukalifungua, tukaliacha limesimama kwa jeki yake juu ya bamba la mbele. Pua peke yake 950.

Mimi ni pauni 205. Vijana wawili kama 350 pamoja. Vifaa, nyundo, kamba, maji ya kunywa, 200. Jumla 1,705.

Nikazunguka yadi zote tatu usiku, wamefunga, nikasoma stika kwa tochi ya simu pale milango ya magari ilipoachwa wazi na wasafishaji. Lariat ya haibridi niliyokuwa nataka kusaini: 1,480. Ram: 1,520. F-150 ya V8: 1,760. Mlinzi akaja kuniuliza mimi ni mkaguzi wa nani.

Yaani lile gari la farasi 430 nilikuwa nalipitiliza kwa pauni 225 kila Jumamosi na nisingejua.

---

Tela Refu

Bado. Tazama stika ya tela lenyewe, mbele kushoto. Ekseli mbili za kawaida za futi 16, uzito wa mwisho wa tela na mzigo wake nakisia umeandikwa 7,000.

---

Mtanga wa Fort Worth

7,000. Astaghfirullah. Miaka mitatu!

---

Makanika wa Baridi

Hamjambo wote. Mimi ni makanika Minneapolis, mzaliwa wa Mombasa. Nimesoma hii hesabu nikacheka mpaka mteja akaniangalia. Wengi wanaoleta pikapu hapa wakilia breki na matairi wamebeba hivyo hivyo.

Niongee mambo ya ndani ya boneti, mambo ya stika mzee ameshamaliza.

Hiyo V8 ya 5.0 mimi naiheshimu. Haina tabo, ina vichirizi vya mafuta vya aina mbili, moja kwenye njia ya hewa na ingine ndani ya silinda, kwa hiyo vali hazijai masizi haraka. Kosa lake kwa kazi yako ni kwamba nguvu yake iko juu. Ukiwa na tela kwenye kilima, giaboksi ya gia 10 itashuka gia tatu na injini italia mpaka abiria waulize kama kuna shida. Hakuna shida, ndivyo ilivyo. Za tabo zinakokota chini kwa chini, kimya, kwa sababu tabo inasukuma hewa mapema. Kwa kuvuta tela kila wiki mimi ningechukua tabo, lakini oili nibadilishe kila maili 5,000, si ile elfu kumi ambayo kompyuta ya gari inakuvumilia. Tabo inazunguka kwenye oili hiyo hiyo, na ni moto kama jiko.

Haibridi: betri yake ni ndogo, kilowati-saa 1.5, iko chini ya sakafu. Mota ina farasi 47 hivi. Si gari ya umeme ya kuchomeka ukutani, usiogope. Katikati ya mji, pale simama-ondoka, ndipo inaokoa petroli. Barabara kuu na tela, usitarajie miujiza, upepo wa hilo boksi haujui kama una betri.

Hurricane ni injini nzuri lakini bado ni kijana, tuipe miaka. Ram wenyewe waliiondoa injini yao ya zamani, Hemi V8, kwa modeli ya 2025, wateja wakapiga kelele, wakairudisha kwa modeli ya 2026, farasi 395, na beji ubavuni ya kondoo dume anayechomoza kwenye injini. Fikiria, kitu kina farasi wachache kuliko ile iliyoibadilisha na watu wanalipa zaidi. Ni sauti tu wanayonunua. Siwalaumu.

Na kama kuna mtu atakwambia chukua Silverado au Sierra ya V8 6.2 ya mtumba, uliza kwanza karatasi. Aprili 2025 General Motors waliita magari karibu 600,000 hapa Marekani, pikapu na zile gari kubwa za familia za 2021 mpaka 2024, kwa ajili ya fimbo za pistoni na kranki. Zinakaguliwa, zenye kasoro zinabadilishiwa injini, zilizopita zinawekewa oili nzito zaidi. Isiyo na karatasi ya kwamba imeshafanyiwa, iache. Upande huo huo kuna ile dizeli yao ya lita 3.0, farasi 305 tu, pauni-futi 495, na mimi nikiwa na tela ningeiangalia hiyo kwa jicho zuri.

Jambo la mwisho. Bodi ya F-150 ni aluminiamu tangu 2015. Haishiki kutu kwa chumvi ya barabarani, huku kwetu hiyo ni baraka. Lakini ukiikunja, si kila mtu wa nyundo na rangi anaiweza. Uliza bei kabla hujagonga nguzo.

Mustang sitasema kitu, huku theluji ni miezi mitano. Kuna kijana aliniletea yake Novemba, ina matairi ya kiangazi. Mpira wa hayo matairi ukishuka chini ya digrii 7 unakuwa mgumu kama ubao. Alitoka kwake akanyaga kidogo, gari ikageuka ikaangalia nyumba ilikotoka. Nikamwambia imekataa kwenda kazini.

---

Dada wa Klachi

Habari zenu kaka zangu. Nimekuwa nasoma kimya, lakini mmefika kwenye gari langu.

Nipo Arlington, hapo karibu na Mtanga. Ni nesi, zamu za usiku. Nina Mustang GT ya 2024, gia sita za mkono, rangi ya bluu. Kila mtu akisikia anauliza ni ya mume wangu. Mume wangu anaendesha gari la familia lenye makombo ya biskuti.

Nikueleze ukweli ambao muuzaji hatakueleza. Bima: nilipouliza bei nilidhani yule dada wa simu amekosea sifuri. Siti za nyuma ni za mikoba. Mwanangu wa miaka kumi na moja anakaa kwa pembe kama samaki kwenye kikaango. Mbele kumejaa vioo viwili vya kompyuta, unaweza kubadilisha saa za dashibodi zionekane kama za Mustang za zamani, nilicheza nazo wiki moja nikaacha. Kuna kitu cha kunguruma injini kwa rimoti ukiwa nje, lakini hicho ni kwa za otomatiki, mimi sina, na majirani zangu wanamshukuru Mungu.

Sasa lingine. Mwezi wa kwanza nilikuwa natoka kazini saa moja asubuhi, mvua imenyesha kidogo tu, ile inayotoa mafuta juu ya lami. Njia ya kupandia barabara kuu inazunguka. Nikaingiza gia ya pili, nikakanyaga kama ninavyokanyaga siku zote. Nyuma ikaondoka. Si haraka, ilikuwa polepole kabisa, kama mlango unaofunguliwa na upepo. Nikaachia mafuta, kompyuta ikashika breki za upande mmoja, gari likanyooka, nikakuta nimebana usukani mpaka kucha imevunjika. Nilifika nyumbani nikakaa garini dakika kumi. Farasi 480 magurudumu ya nyuma tu, hazikusamehi ukiwa na usingizi.

Bado sijaliuza. Kwa sababu tazama kilichobaki sokoni kwa magari ya kasi ya Kimarekani. Camaro imesimama, modeli ya 2024 ndiyo ya mwisho. Challenger imesimama 2023. Charger mpya ilianza na umeme, ina spika ya kuigiza sauti ya ekzosi, baadaye ndiyo wakaleta ya petroli ya silinda sita. Corvette tangu 2020 injini imehamia nyuma ya mgongo wa dereva, tamu mno, sekunde 2.9 kufika maili 60 kwa saa ukiweka vifaa vyake vya mbio, na toleo lake la ZR1 limefika farasi 1,064, lakini klachi hakuna. Ukitaka V8 mpya na kanyagio la tatu kwa bei ya watu kama sisi, ni hii.

Ila kaka Mtanga, usinunue pikapu kuukuu ili upate Mustang. Utakuwa unalala kwenye Mustang ukisubiri gari la kuvuta pikapu. Mama watoto alipokwenda kukoroga uji alikuwa ameshakujibu.

Nina harusi ya binamu yangu mwezi ujao hapa Fort Worth. Kama maturubai ni yako tutaonana. Nitakuja nalo.

---

Mswahili wa Muscat

Assalamu alaikum. Nijibu lile swali la Tanga ambalo wote mmelipita.

F-150 kiwandani inatoka na usukani wa kushoto. Walipozipeleka Australia mwaka 2023 ilibidi zikifika kule zifunguliwe na kubadilishwa upande, kazi kubwa na ghali. Huku Muscat tunaendesha kulia kwa hiyo tunazo, na V8 zinapendwa, joto la Julai hazilijali. Lakini nyumbani, ukiwa umekaa kushoto kwenye barabara ya Chalinze nyuma ya lori la saruji, kila ukitaka kupita lazima utoe nusu ya gari nje ndipo uone kinachokuja. Na Kenya gari la kawaida la usukani wa kushoto halisajiliwi, hivyo usitegemee hata kuliuza upande wa pili.

Kinyume chake, Mustang tangu 2015 inajengwa pia ya usukani wa kulia, kwa ajili ya Uingereza, Australia na kwengineko. Kwa hiyo kati ya gari la kazi na la anasa, la anasa ndilo lililotengenezewa kwenda kwetu. Yako wewe ya Texas hapana, lakini nimekuambia ujue dunia ilivyo.

---

Mtanga wa Fort Worth

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Samahani kwa ukimya, msimu wa harusi.

Kwanza tela. Nimeuza meza zote za mbao, nimechukua za plastiki zinazokunjwa. Friji la barafu nimelihamisha, sasa liko juu ya ekseli, si mbele. Mizani imesema 6,700, pua 870. Na vijana, na mimi, na vifaa: 1,625.

Halafu nikatafuta stika, si gari. Wauzaji wawili walidhani nachanganyikiwa. Nampigia simu mtu, namwambia nenda fungua mlango, nisomee namba ya njano. Mmoja akaniuliza, "Hutaki kujua rangi?" Nikamwambia rangi nitaizoea.

Nimepata F-150 ya toleo la chini zaidi, XLT, haibridi ileile, lakini ya magurudumu mawili, viti vya kitambaa, haina paa la kioo. Stika: 1,791. Nina pauni 166 za akiba. Nyeupe kama gari la shirika la maji. Ya kilowati 7.2, hiyo ndiyo niliyoikazania, maana haibridi ya kawaida huja na 2.4 na zile za petroli tupu hupewa 2.0 tu, ambazo kwa birika la chai la watu mia na friji hazitoshi.

Kile kitufe cha kuzungusha cha kurudisha tela nyuma, nilikuwa nakidharau. Unaachia usukani, unazungusha kitufe upande unaotaka tela liende, gari linajitafutia lenyewe. Kijana wangu mmoja ana miezi sita hapa nchini, ameliingiza tela kwenye kichochoro cha ukumbi mara ya kwanza. Mimi nilijifunza miaka miwili na kugonga maboksi ya barua ya watu. Nimeumia kidogo.

Jumamosi iliyopita ndiyo harusi ya binamu wa Dada wa Klachi. Nikaegesha pikapu pembeni, mbali na turubai, upande upepo unakokwenda, maana moshi ni moshi hata ukitoka kwenye gari jipya. Nikachomeka taa, spika za DJ, friji, birika. Injini inawaka, inajaza betri, inazima. Dakika kadhaa kimya kabisa, halafu inanong'ona tena. Ford wanasema tangi likijaa linatoa kilowati zote 7.2 kwa saa 32. Sisi tulitumia saa saba na mshale wa mafuta ulishuka kiasi cha kidole. DJ akanijia, "Mzee, jenereta umeificha wapi?" Nikamwonyesha waya unaoingia kwenye bodi ya gari. Akaenda kumwita mwenzake aje kuona. Shehe alisoma dua yote, wala hakuna aliyepaza sauti.

Mama watoto alikuja kusaidia kugawa sahani. Akalizunguka gari, akapigapiga tairi kwa kandambili, akasema, "Hili sawa."

Saa nne usiku, viti vimeshakunjwa, Dada wa Klachi akanifuata na gauni lake la kijani, viatu mkononi. Akanirushia ufunguo. Ile barabara ya nyuma ya ukumbi ina maghala matupu, imenyooka kama robo maili hivi, kisha taa ya barabarani. Yeye akakaa kushoto kwangu hapana, kulia, nimechanganyikiwa hata sasa. Nikabonyeza klachi, nzito kuliko nilivyoikumbuka. Gia ya kwanza. Mita kumi, ishirini, thelathini. Mguu wangu ukaenda kwenye breki wenyewe, nawaambia ukweli, miaka tisa na mguu bado unakumbuka.

Dada akasema, "Usisimame."

Nikaingiza ya pili.

Ya tatu sikuifikia, taa ilikuwa nyekundu.

---

Tela Refu

Hongera sana. Matairi ya tela ulitazama tarehe yake?

---

Mtanga wa Fort Worth

...Natoka nje sasa hivi na tochi.